Nyumba ya mlimani ina mandhari nzuri, ila huo ukuta wa nyuma unanitia wasiwasi

Swali: "Habari kaka. Mimi na mume wangu tumechoka na jiji, tunataka kuhamia mji mdogo wa milimani, uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tulienda likizo siku nne tukapapenda mno, na tumepata nyumba ya vyumba vitatu pembeni ya mji kwa bei nafuu kuliko tulivyotegemea. Nyuma kuna ukuta wa mawe unaoshikilia udongo wa mlima, pembeni kuna korongo kavu, mbele unaona bonde lote. Sote wawili tunafanya kazi kwa intaneti. Tunaishi na mama mkwe ambaye ana presha, na mtoto wetu wa kwanza ana pumu. Muuzaji anataka advansi ndani ya wiki mbili. Picha nimeambatanisha. Tununue au tuache?"

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi wananitafuta wakishalipa na hapo kazi yangu inakuwa ya kuwapa pole tu. Nimekagua majengo ya milimani miaka mingi sasa na mwenyewe naishi huko huko, kwa hiyo sitakukatisha tamaa, milimani kunakalika na kunakalika vizuri sana. Ila advansi usilipe kwanza. Picha zako nimezikuza nikaziangalia moja moja, ziko kumi na moja, na nane ni za bonde, yaani dalali kapiga picha kile ambacho hamuuziwi. Nyumba ipo kwenye mbili. Mlima wa nyuma upo kwenye moja tu, tena umekatwa juu.

Na huo mlima wa nyuma ndo ishu nzima. Jijini ukinunua nyumba unaangalia nyumba, lakini milimani unanunua mteremko na maji yanayopita juu yake na ndani yake, hiyo nyumba imekaa tu hapo kama mpangaji. Paa likiwa bovu utabadilisha, vyoo utarekebisha, rangi utapaka, ila mteremko ukiwa mbovu hakuna fundi wa kukuuzia mteremko mwingine. Kwa hiyo siku mkirudi pale msiingie ndani kwanza. Pitilizeni, pandeni juu, ondokeni mita mia mbili tatu hivi kwenda mlimani, mkae huko muangalie chini, halafu mjiulize mvua ikinyesha kubwa maji ya hapa yote yanaenda wapi.

Tuanze na korongo. Umeandika korongo kavu, na dalali bila shaka kawaambia halina shida miaka yote liko hivyo. Neno kavu hapo ni la msimu. Korongo lilichongwa na kitu, halikujichimba lenyewe, na kitu hicho ni maji, ila mara nyingi milimani sio maji matupu, ni tope zito limechanganyika na mawe na magogo, linashuka kama zege linalomiminwa kutoka kwenye gari, na linaweza kukaa miaka thelathini bila kushuka halafu likaja usiku mmoja. Mtu akikwambia nimeishi hapa miaka ishirini sijawahi kuona, hajakudanganya, ila miaka ishirini kwa mlima ni kama jana. Tarehe 3 Desemba 2023 mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang kule Tanzania, ulivamiwa na tope la namna hiyo hiyo, mawe na miti vikashuka na maji mpaka mjini, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Watu pale walikuwa wanaishi maisha yao ya kawaida tu.

Sasa fungua picha ya saba. Mbele ya baraza kuna jiwe kubwa kama friji, pembeni limepandiwa maua, limependeza kwa kweli. Hebu jiulize nani alilibeba. Hakuna mwamba pale karibu ambao lingetoka, na kwa mbali kule nyuma ya uzio naona mengine mawili ya saizi hiyo hiyo. Halafu hicho kiwanja ni bapa, kitu ambacho mlimani kinavutia kila mtu kwa sababu kujenga ni rahisi, lakini ubapa wa namna hiyo kwenye mdomo wa korongo kawaida umetengenezwa na korongo lenyewe, linashusha mzigo wake na kuutandaza chini kama upepeo uliofunguliwa, mara upande huu mara upande ule. Ukiangalia kutoka ng'ambo ya bonde utauona huo upepeo vizuri. Kama nyumba iko katikati ya upepeo, mimi ningeacha hata wangenipunguzia nusu. Kama iko pembeni, juu kidogo, na korongo lenyewe limejichimbia chini mita kadhaa, hapo tunaweza kuendelea kuongea.

Uliza pia kama kuna ramani ya maeneo hatarishi. Nchi nyingine wamefika mbali sana kwenye hili, Uswisi kwa mfano ramani zao zina rangi, nyekundu hujengi, bluu unajenga kwa masharti, njano ni hatari ndogo, na mlima wenyewe wanaufuatilia kwa vipimo. Mei 2025 kijiji cha Blatten kilifunikwa karibu chote na barafu na mawe, lakini wakazi wake kama 300 walikuwa wameshahamishwa siku kadhaa kabla kwa sababu kuna watu walikuwa wanaupima ule mlima na wakaona unatembea. Nyumba zilienda, watu wengi walipona. Mahali unapotaka kuhamia nenda ofisi inayohusika na ardhi au majanga uliza swali moja tu, huu mlima kuna anayeuangalia? Kama ramani haipo basi ramani yako ni wazee wa pale, na usiwaulize kama pana hatari maana watakwambia hapana, waulize mara ya mwisho maji yalifika wapi, mzee atanyanyua kidole akuonyeshe mti au ukuta, hapo ndo umepata jibu.

Mteremko wenyewe nao unaongea ukijua pa kuangalia. Kuna maporomoko ya ghafla, na kuna ule mwendo wa polepole ambao udongo unateleza milimita chache chache mwaka hadi mwaka. Huo wa polepole hauui mtu ila unakula nyumba. Angalia miti, kama mashina mengi yamepinda chini karibu na ardhi halafu yakanyooka kwenda juu, ujue udongo unasukuma na mti unajitahidi kusimama. Nguzo za uzio zimelalia upande mmoja wote? Barabara ya lami ina ufa wa mviringo kama mwezi mchanga? Kuna sehemu ya majani mabichi kabisa katikati ya kiangazi wakati pembeni kote kumekauka? Hiyo ya mwisho wengi wanaiona nzuri, kumbe ni maji yanatokea chini.

Ndani ya nyumba fungua kila mlango na kila dirisha, kila moja, hata kama mwenye nyumba anakuangalia vibaya. Mlango uliokatwa chini kwa randa, tena umekatwa upande mmoja zaidi, maana yake fremu imeshapinda na fundi alikuja kuurekebisha, na ukikuta milango mitatu ya hivyo upande mmoja wa nyumba basi huo upande unashuka. Nyufa zipo kila nyumba usiziogope zote, zile nyembamba kama uzi kwenye plasta ni kawaida, ila ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, au ufa mpana juu mwembamba chini, huo nipigie. Na sogeza kabati. Niliwahi kukagua nyumba imepakwa rangi mpya chumba kimoja tu, kile cha nyuma, na kabati zito lilikuwa limekaa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeweka kabati, mbele ya dirisha nusu. Tukalisogeza watu wanne. Nyuma yake kulikuwa na ufa unaingiza kidole, na kidole kikitoka kina majimaji.

Kuhusu ukuta wa nyuma ndo nimesema kwenye kichwa cha habari. Ukuta wa kushikilia udongo hauangushwi na udongo mara nyingi, unaangushwa na maji yaliyojaa nyuma yake yakakosa pa kutokea. Ndo maana ukuta uliojengwa na mtu anayejua una matundu chini na katikati, vibomba vidogo vinavyotoa maji, na nyuma yake kumejazwa kokoto badala ya udongo mfinyanzi, na juu yake kuna mfereji wa kukatiza maji yasifike kabisa. Kwenye picha yako nimeangalia ukuta mzima mwanzo mpaka mwisho sioni tundu hata moja. Inawezekana yapo yamezibwa na hiyo rangi mpya, maana naona wameupaka chokaa juzi juzi, na inawezekana hayapo. Pia naona kama umetoa kitambi kidogo pale katikati, ila picha za simu zinadanganya kwa hiyo mchukue kamba ndefu, mmoja ashike kona hii mwingine kona ile, muivute ikaze, mtaona mara moja kama ukuta unagusa kamba katikati wakati pembeni kuna nafasi. Kuujenga upya ukuta wa urefu huo sio hela ndogo, unaweza kukuta unakula sehemu nzuri ya huo unafuu wa bei uliowafurahisha. Na kabla ya yote mjue ni wa nani. Uko ndani ya mpaka wenu au wa jirani wa juu? Nimeona kesi jirani wawili wamekaa miaka minne hawasalimiani kwa sababu ya ukuta ambao kila mmoja anasema sio wake, mpaka ukaanguka wenyewe ukamaliza ubishi.

Hapo tumegusa mipaka nimalizie kabisa. Ukubwa wa kiwanja kwenye hati unapimwa kwa ulalo, kama unaangalia kutoka angani, haupimwi kwa kufuata mteremko. Sasa dalali akitembea na utepe kushuka mlima anapata namba kubwa zaidi. Mteremko wa nyuzi 30, mita 50 za kwenye hati ukizipima kwa kufuata ardhi zinakuwa karibu 58. Kwa hiyo akikwambia kiwanja ni mita 58 na amekipima mwenyewe mbele yenu, hajakosea kusoma utepe, ila mnanunua 50. Lipeni mpima ardhi mwenye leseni aje na vyombo vyake, na wakili aangalie njia ya kuingilia imeandikwa kwenye hati au ni hisani ya jirani, maana milimani nyumba kibao zinafikiwa kwa kukatiza shamba la mtu, na huyo mtu akifa watoto wake wanaweka geti. Maji pia vile vile, bomba linalotoka chemchemi likipita kwa watu watatu kabla ya kufika kwako, mkubaliane kwa maandishi.

Nikija kwenye maji ya kunywa, watu wanadhani milimani maji ni mengi tu. Ni mengi wakati wa mvua, lakini yanashuka chini kwa kasi hayakungoji. Kama mnategemea chemchemi, nendeni mwisho wa kiangazi na ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2 mna lita 14,400 kwa siku, hapo hata mkiwa nyumba kumi mnaishi. Ikijaa kwa dakika 20 ni lita 1,440 tu, mkigawana na majirani watano mtaanza kuoga kwa zamu. Halafu angalia choo cha jirani wa juu kiko wapi. Ardhi ya mlimani mara nyingi udongo ni mwembamba na chini ni mwamba wenye nyufa, maji machafu hayachujwi vizuri yanateleza juu ya mwamba mpaka yapate pa kutokea, na pa kutokea panaweza kuwa kisimani kwenu. Mita 30 kati ya shimo la choo na chanzo cha maji ndo kipimo kinachotumika sana, lakini kwenye mteremko kama shimo liko juu yenu mimi hata 30 haziniridhishi, pelekeni maji maabara.

Sasa jua, na hapa nitajianika mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza mlimani niliinunua msimu wa kiangazi, saa nne asubuhi, jua linawaka mpaka kwenye sakafu ya sebule. Mimi mkaguzi, mtu wa kazi hiyo hiyo! Kumbe mlima wa ng'ambo ulikuwa mrefu kiasi kwamba msimu wa baridi jua likishuka upande ule lilikuwa linachungulia kwangu saa moja na nusu tu kwa siku. Nguo hazikauki, fangasi kwenye kona zote, viatu vinaota manyoya kabatini, mke wangu akawa ananiuliza hivi wewe unawakagulia watu nini. Tuliiuza baada ya miaka miwili kwa hasara. Na sio mimi peke yangu, kuna miji mizima iko hivyo. Rjukan kule Norwei iko kwenye bonde ambalo halipati jua kabisa karibu nusu mwaka, mpaka 2013 wakaweka vioo vikubwa juu ya mlima vinavyolifuata jua na kulirudisha kwenye uwanja wa mji watu wakae waote. Kijiji cha Viganella kule Italia kilikuwa kimetangulia na kioo chake mwaka 2006.

Kwa hiyo dira muhimu. Kama mji uko kaskazini mwa dunia, upande wa mlima unaotazama kusini ndo wenye jua, ukiwa kusini mwa dunia ni kinyume chake, na karibu na ikweta kinachoamua zaidi ni vilele vya pembeni na mawingu, yaani asubuhi jua linachelewa kiasi gani kuvuka kilele na mchana mawingu yanakaa upande gani. Kuna programu za simu unaelekeza kamera angani inakuonyesha njia ya jua kwa mwezi wowote, tumieni hizo mkiwa mmesimama barazani. Jambo lingine ambalo watu hawalitegemei, chini kabisa ya bonde usiku tulivu kuna baridi kuliko katikati ya mteremko. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6.5, hiyo wengi wanaijua, ila usiku hewa ya baridi ni nzito inatiririka kushuka kama maji na kujaa bondeni. Na moshi nao unanaswa humo humo.

Hilo la moshi linamhusu mtoto wako. Milima ina sifa nzuri kwa wagonjwa wa kifua, Davos huko Uswisi ilijijengea jina karne ya 19 kwa kupokea wagonjwa wa kifua kikuu, na ni kweli kwamba sehemu za juu zenye hewa kavu wale wadudu wa vumbi wa kwenye magodoro wanapungua. Lakini mji mdogo ambao kila nyumba inawasha kuni jioni, moshi umelala bondeni kama shuka mpaka saa tatu asubuhi, huo kwa mwenye pumu sio hewa safi hata kidogo. Nyumba yenu iko juu kidogo ya mji hapo mna bahati, ila nendeni muone wenyewe jioni ya baridi, na mnuse. Ndani ya nyumba unyevu na fangasi ndo adui mwingine, hasa ukuta wa nyuma uliogusana na udongo. Na tafadhali jiko la mkaa lisilale ndani mmefunga madirisha, gesi yake haina harufu na inaua watu wamelala, nunueni kengele ya kutambua hiyo gesi, inaitwa kaboni monoksaidi, siku hiyo hiyo mnayohamia.

Mama mkwe ana presha. Kwenye mita 2,100 hewa ina mgandamizo kama asilimia 78 ya ule wa usawa wa bahari, watu wengi hawasikii kitu zaidi ya kuhema kidogo wakipanda ngazi, ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida unaanza kusumbua kuanzia kama 2,500 kwenda juu. Ila siku za mwanzo presha inaweza kupanda na usingizi ukawa wa kukatika katika, kwa hiyo aongee na daktari wake kabla, asisubiri mpaka mmefika, na wiki ya kwanza apumzike, anywe maji, apime presha kila siku. Mi kinachonitia wasiwasi zaidi kwake ni ngazi. Nimehesabu kwenye picha kutoka barabarani mpaka mlangoni ni ngazi thelathini na kitu hazina hata mkono wa kushikia, mvua ikinyesha zitateleza, na akizidiwa usiku mtambeba. Pimeni pia muda wa kufika hospitali yenye daktari wa zamu usiku, msiangalie kilomita, kilomita za mlimani ni za uongo, endesheni gari saa mbili usiku kwenye mvua ndo mjue.

Barabara yenyewe ni moja? Mji wenye njia moja au chache za kutoka una tatizo lake. Novemba 2018 mji wa Paradise, California, ambao umekaa juu ya mgongo wa kilima msituni, uliungua na moto wa nyikani, watu 85 walikufa na wengine walinaswa kwenye foleni wakijaribu kutoka. Kama pande zote mna msitu mkavu au misonobari, angalieni njia za kutokea, na kata majani na matawi yaliyolalia paa. Kwa siku za kawaida barabara moja maana yake ikikatika mko kisiwani, kwa hiyo stoo iwe na vitu vya wiki mbili, na intaneti muwe na njia mbili tofauti, waya na ya simu au satelaiti, maana kazi zenu ziko huko. Msimwamini dalali kwenye spidi ya intaneti, kaeni ndani ya nyumba na simu yenu mkapige simu ya video nusu saa saa ya jioni watu wote wakiwa nyumbani.

Vitu vidogo nipite haraka. Maji yatachemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100, kila cha kuchemsha kitachelewa kuiva, nunueni sufuria ya presha. Gari la petroli lisilo na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, litapungua nguvu. Jua linachoma zaidi ngozi hata kama kuna baridi. Kama pale maji yanaganda, mabomba yazikwe chini au yafunikwe, maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9 na bomba linapasuka, kawaida yake mko safarini.

Na mji wenyewe je? Siku nne za likizo mmeuona ukiwa umevaa nguo za sikukuu. Rudini siku ya Jumanne msimu usio na wageni, saa mbili usiku, mtembee mtaa wenu mhesabu taa. Nyumba ishirini taa nne, basi majirani zenu ni makufuli. Hii sio kitu kidogo, nyumba za likizo zikizidi bei zinapanda lakini shule inafungwa, duka la dawa linafungwa, gari la abiria linapunguza safari. Uswisi walifika mahali wakapiga kura mwaka 2012 kuzuia nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote kwenye mji. Upande wa pili kuna miji inayokimbiwa, kama Sambuca kule Sicilia walivyoanza kuuza nyumba kuanzia euro 1 mwaka 2019 kwa sharti la kukarabati ndani ya miaka mitatu. Unafuu wa bei huwa una sababu, na bahati mbaya muuzaji ndo wa mwisho kukutajia. Waulizeni mafundi wa pale, sio dalali. Fundi bomba anajua siri za kila nyumba, na kwa kuwa kwenye mji wa hivyo wako wawili tu, mtamhitaji, anzeni urafiki mapema.

Bima nayo muulize kabla ya kulipa. Bima nyingi za kawaida za nyumba hazifidii mtelezo wa ardhi, ipo kwenye maandishi madogo. Kampuni ikikataa kabisa kuikatia bima hiyo nyumba, hiyo ni ripoti ya ukaguzi ya bure, wao wana takwimu ambazo mimi na wewe hatuna.

Kwa hiyo jibu langu. Mji usiuache, ila hiyo nyumba usiilipie sasa. Pangeni nyumba nyingine hapo hapo mjini, ikiwezekana mwaka mzima, ikishindikana basi miezi ya msimu mbaya, mvua au baridi, mama mkwe mtaona anavyoendelea, mtoto mtaona kifua chake, na nyie wawili mtajua kama mnaweza kukaa mahali ambapo kila mtu anajua mmeamka saa ngapi. Muuzaji mwambieni mko tayari kusaini makubaliano ya kununua yenye sharti la ukaguzi wa mteremko na ukuta, na hela ikae kwa wakili mpaka ripoti itoke. Akikataa sharti hilo mnajua anachokijua. Akisema kuna mteja mwingine ana kesh, mpisheni.

Mkienda, chagueni siku ya pili baada ya mvua kubwa, sio siku yenyewe ya mvua, maana maji ya ndani ya mlima yanachelewa kufika. Bebeni kamba, ndoo, tochi na penseli. Penseli ni ya kuchora mstari kukatiza kila ufa na kuandika tarehe pembeni, muuzaji akiwaruhusu, ili mkirudi tena muone kama mistari bado imekutana. Halafu mpige picha ule ukuta wa nyuma kwa karibu, kipande kwa kipande kuanzia chini, mnitumie. Nataka kujua kama matundu yapo, na kama yapo, yanatoa maji au makavu.